Mvinyo wa mchanganyiko si mvinyo uliochakachuliwa

Februari 2010, mahakama ya mji wa Carcassonne, kusini mwa Ufaransa, iliwatia hatiani watu 12 kwa kuiuzia Marekani mvinyo mwekundu wenye jina la uongo. Kwenye makaratasi, mvinyo ule ulikuwa wa zabibu za Pinot Noir. Ndani ya matangi ulikuwa wa Merlot na Syrah, zabibu zinazolimwa kwa wingi huko na kuuzwa kwa bei nafuu zaidi. Kati ya 2006 na 2008 kiasi kilichouzwa kilitosha kujaza chupa milioni 18, na mzigo huo uliishia madukani kwa jina la Red Bicyclette, chapa ya kampuni ya Gallo ya California, ambayo yenyewe haikushtakiwa. Wakaguzi hawakuubaini udanganyifu kwa kuonja. Walikaa na vitabu vya hesabu, wakakuta Pinot Noir iliyouzwa inazidi kwa mbali ile ambayo mashamba ya eneo zima yangeweza kuzaa.

Wakati huo Pinot Noir ilikuwa ndiyo habari ya mjini. Filamu ya Sideways ya mwaka 2004 ilikuwa imewafanya Wamarekani waikimbilie zabibu hiyo na kuibeza Merlot. Kwa hiyo watu waliokuwa wakiikataa Merlot dukani walirudi nyumbani wakainywa, wakaisifu, wakaenda kununua nyingine. Wakili mmoja wa utetezi aliikumbusha mahakama kwamba hakuna mnywaji hata mmoja Marekani aliyelalamika.

Kesi hiyo husimuliwa mara nyingi kwa kuwacheka wanywaji. Kuwacheka ni kukosa shabaha. Jambo lililowapeleka watu wale kizimbani ni uongo ulioandikwa kwenye lebo. Kuchanganya zabibu hakumo katika mashtaka, kwa sababu wakulima wa Languedoc, eneo ambako kesi ilitokea, huchanganya zabibu kila mwaka kwa mujibu wa sheria, na mvinyo wao bora kuliko yote hutoka humo humo. Aliyedanganywa alidanganywa na imani yake kwamba jina moja la zabibu ni hakikisho la ubora.

Imani hiyo imeenea hadi kwetu. Kwenye rafu za maduka ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, chupa hutafutwa kwa jina moja: Merlot, Cabernet Sauvignon, Pinotage. Mteja akikuta lebo yenye majina matatu au manne, fikra ya kwanza ni kwamba hayo ni makombo ya matangi yaliyokorogwa pamoja ili yasimwagwe. Hofu hiyo ina chanzo chake. Mnunuzi aliyewahi kuuziwa dizeli iliyotiwa mafuta ya taa, au asali iliyotiwa sukari, ana haki ya kulitilia shaka neno mchanganyiko. Ila katika mvinyo mwekundu wa kusini mwa Ufaransa shaka hiyo inawaumiza watu wasiohusika, na inafaa ielezwe kwa nini. Hata msomaji asiyetia kilevi mdomoni anaweza kuifuata habari hii, maana ndani yake mna ardhi, sheria, vyama vya ushirika na bei ya mazao.

Languedoc na jirani yake Roussillon hupakana na Bahari ya Mediterania, kuanzia karibu na delta ya mto Rhône hadi mpaka wa Hispania. Warumi walianzisha mji wa Narbonne hapo mwaka 118 kabla ya Kristo, na kilimo cha mizabibu kimekuwepo karibu muda wote huo. Jua la huko si la kubahatisha. Mji wa Montpellier hupata takriban saa 2,600 za jua kwa mwaka, wakati Paris hupata kama 1,700. Kutoka kaskazini magharibi huvuma upepo mkavu uitwao tramontane, ambao hukausha majani baada ya mvua na kuwapunguzia wakulima kazi ya kupambana na ukungu. Kutoka baharini huja upepo mwingine wenye unyevu. Udongo hubadilika kila baada ya kilomita chache: mawe ya tabaka tabaka kule Faugères, chokaa chini ya mlima Pic Saint-Loup, kokoto kwingineko, na kati ya mashamba vichaka vya rozmeri na mimea mingine ya harufu kali.

Mahali penye joto na ukame wa aina hiyo, hakuna zabibu moja inayotimiza kila kitu. Hapo ndipo hoja nzima ilipo.

Grenache, iliyotoka Hispania, hustahimili kiu na upepo, na huiva ikiwa na sukari nyingi. Sukari hiyo huwa kilevi, kwa hiyo mvinyo wa Grenache tupu unaweza kuwa mtamu wa kunukia na mzito kichwani, lakini rangi yake ni hafifu na huchakaa mapema ukiguswa na hewa. Syrah, iliyoshuka kutoka bonde la juu la Rhône, huleta rangi nzito karibu na nyeusi, pamoja na harufu ya pilipili manga. Harufu hiyo si mapambo ya maneno ya waonjaji: ngozi ya Syrah ina rotundone, kemikali ile ile inayoipa pilipili manga harufu yake. Tatizo ni kwamba Syrah haipendi jua kali kupita kiasi. Ikichelewa kuvunwa hunywea mtini. Mourvèdre huchelewa sana kuiva na hutaka joto la pwani, lakini huupa mvinyo uti wa mgongo, ukaweza kukaa miaka mingi ndani ya chupa bila kulegea. Cinsault ina punje kubwa zenye maji mengi, na kazi yake ni kulainisha.

Wanywaji wa Afrika Mashariki wanaijua Cinsault bila kujua. Mwaka 1925, huko Stellenbosch, Afrika Kusini, Profesa Abraham Perold aliichavusha na Pinot Noir akapata mbegu za Pinotage, ile ile inayojaza rafu zetu leo. Mzazi mmoja wa Pinotage ni zabibu ya kusini mwa Ufaransa, tena ile iliyozoea kufanya kazi ndani ya mchanganyiko.

Kisha kuna Carignan, ambayo inastahili nafasi zaidi kwa kuwa ndiyo iliyotukanwa zaidi. Kwa miaka mingi katikati ya karne iliyopita ilikuwa zabibu iliyopandwa kuliko zote Ufaransa. Kwenye tambarare zenye rutuba ilizaa kupita kiasi, ikatoa mvinyo mchungu usio na ladha, na wataalamu wakawashauri wakulima waing'oe. Kwenye vilima mambo ni mengine. Mzabibu mzee wa Carignan hausimami kwenye waya. Ni kisiki kinachofika magotini, gome lake limepasuka na kujikunja, na juu yake hutoka matawi mafupi matano au sita yaliyotawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Mti wa miaka 80 huzaa vichala vichache tu. Mashine ya kuvunia haiwezi kupita juu yake, kwa hiyo mvunaji huinama kwenye kila shina akiwa na mkasi, hufunua majani, hukata kichala, hukiweka kwenye ndoo, kisha husogea hatua moja na kuinama tena. Zabibu zinazotoka hapo zina ukali wa asidi ambao Grenache haina. Mwaka wa joto kali, huo ndio ukali unaoufanya mvinyo uburudishe badala ya kuchosha ulimi.

Kila zabibu huvunwa siku zake. Syrah hutangulia, mara nyingi mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba, na Mourvèdre na Carignan hufunga msimu. Kila shamba huingia kwenye tangi lake. Carignan mara nyingi huingizwa vichala vizima bila kupondwa, ndani ya tangi lililojazwa hewa ya kaboni dioksidi, ili punje zianze kuchachuka zikiwa nzima. Njia hiyo hupunguza uchungu wa ngozi na kuacha harufu ya tunda. Miezi kadhaa baadaye huja kazi ya kuchanganya, na inafanyika mezani. Juu ya meza kuna chupa ndogo zilizoandikwa namba za matangi, bomba la kioo lenye mistari ya vipimo, glasi, na ndoo ya kutemea. Mtengenezaji hupima mililita 50 za Grenache, 30 za Syrah, 20 za Carignan, hunusa, huonja, hutema. Hupunguza tano za Grenache na kuweka tano za Mourvèdre, kisha huanza upya. Badiliko la sehemu tano kati ya 100 linaweza kuufungua mvinyo au kuufunga, na hakuna hesabu ya karatasini inayoweza kulitabiri; ulimi ndio mwamuzi. Kazi hiyo hurudiwa kwa siku nyingi, na majibu ya mwaka jana hayasaidii sana, kwa sababu mvua na jua vimebadilika.

Anayeona kazi hiyo hawezi tena kuiita kukoroga makombo. Sheria yenyewe inalitambua hilo. Ufaransa ina taasisi ya serikali, INAO, inayolinda majina ya maeneo ya kilimo, na kwa majina mengi ya Languedoc mchanganyiko ni sharti. Terrasses du Larzac, eneo la milimani lililopata jina lake mwaka 2014, hulazimisha mvinyo mwekundu uwe na zabibu zisizopungua aina tatu. Mkulima akileta Syrah tupu, hata iwe nzuri namna gani, hatapewa jina hilo. Wala Languedoc haiko peke yake. Mvinyo mwekundu wa Bordeaux unaouzwa kwa bei za kutisha ni mchanganyiko wa Cabernet Sauvignon, Merlot na wenzao, na Châteauneuf-du-Pape huruhusiwa aina 13. Hakuna anayeviita hivyo makombo. Languedoc huhukumiwa tofauti kwa sababu ya historia yake, na historia hiyo ni chungu.

Mwaka 1863 mizabibu ya wilaya ya Gard ilianza kunyauka bila sababu iliyojulikana. Mwaka 1868 Jules-Émile Planchon, mtaalamu wa mimea wa Montpellier, pamoja na wenzake, walichimba mizizi wakamkuta mdudu mdogo wa rangi ya manjano, filoksera, aliyeletwa na miche kutoka Amerika. Dawa iliyopatikana mwishowe ilikuwa kupandikiza mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kimarekani yanayomstahimili mdudu huyo. Ilikuwa gharama kubwa. Wakulima waliokopa ili kupanda upya walitaka faida ya haraka, wakashuka kutoka vilimani kwenda tambarare na kupanda Aramon, zabibu iliyoweza kutoa zaidi ya hektolita 200 kwa hekta. Kanuni za leo za mvinyo mwekundu wenye jina la Languedoc huruhusu takriban 50. Mvinyo wa Aramon ulikuwa mwepesi na mpauko, kwa hiyo madalali waliutia mvinyo mzito kutoka Algeria, iliyokuwa koloni la Ufaransa, ili upate rangi na nguvu.

Pale ambapo Aramon na mvinyo wa Algeria havikutosha, palitumika maji na sukari. Wakati wa uhaba ulioletwa na filoksera watu walikuwa wamejifunza kutengeneza kinywaji cha zabibu kavu zilizolowekwa, au cha makapi yaliyotiwa maji na sukari na kuchachushwa tena, na uhaba ulipokwisha hawakuacha. Soko lilijaa. Bei ikaporomoka hadi mkulima halisi akawa anauza kwa hasara, akishindana na mtu ambaye shamba lake lilikuwa bomba la maji.

Machi 11, 1907, wakulima 87 wa kijiji cha Argelliers walitembea kwenda Narbonne kuonana na tume ya wabunge. Aliyewaongoza alikuwa Marcelin Albert, mwenye mkahawa na kipande cha shamba la mizabibu. Hawakupata lolote la maana, na Jumapili zilizofuata wakaanza kuandamana. Mei maandamano yalipita Narbonne, Béziers, Perpignan na Carcassonne, kila Jumapili umati ukizidi ule wa wiki iliyotangulia. Juni 9, huko Montpellier, walikusanyika watu zaidi ya nusu milioni kwa makadirio mengi. Meya wa Narbonne, daktari na msoshalisti Ernest Ferroul, alijiuzulu akawataka mameya wenzake wafanye hivyo, na mamia wakamfuata. Serikali ya Georges Clemenceau ilimkamata Ferroul Juni 19. Siku hiyo na iliyofuata wanajeshi walifyatua risasi Narbonne, watu sita wakafa. Askari wa Kikosi cha 17 cha miguu, wengi wao vijana wa huko huko, walikataa amri na kutembea usiku kutoka Agde hadi Béziers na silaha zao. Baadaye walipelekwa Gafsa, Tunisia.

Albert alijipenyeza hadi Paris kuonana na Clemenceau ana kwa ana. Waziri mkuu alimpa faranga 100 za nauli ya treni ya kurudi, kisha habari ya faranga hizo ikatolewa kwa waandishi. Kijijini walimwona amenunuliwa. Alikufa mwaka 1921 akiwa fukara, na hadi leo ni vigumu kuisoma habari yake bila uchungu, kwa sababu alichokidai kilipatikana. Juni 29, 1907 ilipitishwa sheria ya kuzuia mvinyo kutiwa maji na sukari. Septemba 3 amri ya serikali ilitamka mvinyo ni nini: kinywaji kinachotokana tu na kuchachuka kwa zabibu mbichi au maji ya zabibu mbichi.

Amri hiyo haikukataza kuchanganya zabibu na zabibu. Watu wa 1907, waliomwaga damu kwa ajili ya mvinyo wa halali, wao wenyewe walikuwa wakipanda aina nyingi katika shamba moja na kuzivuna pamoja. Walijua adui alikuwa nani: aliyeingiza kisichokuwa zabibu, na aliyeficha alichokiingiza. Miaka 103 baadaye mahakama ya Carcassonne ilihukumu kwa kipimo hicho hicho.

Fundisho la pili la miaka ile linawagusa wakulima wa zabibu popote walipo. Mkulima asiye na tangi huuza siku ya mavuno kwa bei ya anayenunua, kwa kuwa zabibu iliyokatwa haisubiri. Mwaka 1901 wakulima wadogo wa Maraussan, karibu na Béziers, walianzisha ushirika wa kuuza mvinyo wao moja kwa moja kwa vyama vya walaji vya Paris, na mwaka 1905 walijenga ghala lao la pamoja. Mwanasiasa Jean Jaurès alikwenda kuwatembelea mwaka huo. Mfano wao ulienea hadi karibu kila kijiji cha eneo hilo kikawa na ghala la ushirika. Dodoma inalima zabibu za mvinyo na huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Languedoc hailiwezi, lakini kilio cha wakulima wake kukosa soko msimu ukiwadia kimekuwa kikiandikwa magazetini miaka nenda miaka rudi. Mche wenye kuzaa sana hauwezi kumaliza kilio hicho. Tangi la mkulima mwenyewe linaweza kukipunguza.

Hata hivyo ushirika nao una lawama zake. Kwa miongo mingi maghala ya Languedoc yalilipa kwa uzito na kiwango cha kilevi, yakachanganya zabibu za mlimani na za bondeni katika tangi moja, na mkulima mwenye Carignan ya miaka 80 akalipwa sawa na jirani aliyemwagilia tambarare. Huo nao ulikuwa mchanganyiko, na ulikuwa mbaya. Wanaoudharau mvinyo wa kusini wana kumbukumbu hiyo, na haifai kuwakatalia. Soko la mvinyo huo lilidumu kwa kuwa Mfaransa wa miaka ya 1960 alikunywa kwa wastani zaidi ya lita 100 za mvinyo kwa mwaka. Siku hizi hafikishi nusu ya hizo. Machi 4, 1976, katika makabiliano ya Montredon-des-Corbières kati ya wakulima waliokuwa wakilalamikia mvinyo wa bei ya kutupa kutoka nje na polisi, waliuawa mkulima mmoja na kamanda mmoja wa polisi. Baada ya hapo Ulaya ikaanza kuwalipa wakulima wang'oe mizabibu.

Walioamua kubaki walipanda tena vilimani. Fitou ilikuwa na jina lake lililolindwa tangu 1948. Faugères na Saint-Chinian zikafuata mwaka 1982, Corbières na Minervois mwaka 1985. Katika kijiji cha Aniane, Aimé Guibert, aliyekuwa mtengenezaji wa glovu za ngozi, alisikia kutoka kwa Henri Enjalbert, profesa wa jiografia wa Bordeaux, kwamba udongo wake mwekundu una kitu cha pekee. Mvinyo wake wa kwanza wa Mas de Daumas Gassac ulikuwa wa 1978: Cabernet Sauvignon kwa wingi, ukiwa na zabibu nyingine kadhaa pembeni. Kwa kuwa haukufuata kanuni za eneo, uliuzwa kwa daraja la chini kisheria, na bado ukapata heshima ya mvinyo mkubwa. Mwaka 2001, wakazi wa Aniane walimchagua meya aliyepinga mradi wa kampuni ya Mondavi ya California ya kupanda mizabibu kwenye msitu wa kijiji, na Mondavi wakaondoka.

Mwaka 1987 ilikuja njia nyingine, Pays d'Oc, iliyoruhusu lebo kuandikwa jina la zabibu moja kwa mtindo wa Marekani na Australia. Njia hiyo iliwauzia wakulima mvinyo wao kwa wateja wasioweza kutamka majina ya vijiji, na familia nyingi zilisalia shambani kwa sababu yake. Haki yake ipewe. Lakini pia iliwafunga wakulima kwenye mitindo ya mbali. Zabibu ikipanda chati New York, Languedoc lazima iwe nayo. Ikishuka, matangi hubaki yamejaa. Wale 12 wa Carcassonne ndiko walikofikia.

Anayetaka kuununua mchanganyiko wa kusini bila kuingizwa mjini aisome lebo kwa makini. Jina la eneo dogo, kama Faugères, La Clape au Pic Saint-Loup, huambatana na masharti makali kuliko jina pana. Maneno ya Kifaransa yanayosema mvinyo ulitiwa chupani shambani kwenyewe, "mis en bouteille au domaine" au "au château", yana uzito wa kisheria. Mtengenezaji anayeandika majina ya zabibu zake pamoja na asilimia zake amejiweka wazi, na uwazi huo unastahili shilingi ya ziada.

Kinachofanya jambo hili lisisubiri ni hali ya hewa. Juni 28, 2019, kijiji cha Vérargues, kwenye mashamba ya mizabibu ya wilaya ya Hérault, kilipima nyuzi joto 46, rekodi ya Ufaransa, na majani na vichala viliungulia mtini. Kuanzia 2022 Roussillon ilipita miaka mfululizo ya ukame. Agosti 5, 2025, moto ulizuka Ribaute, katika milima ya Corbières, ukala takriban hekta 16,000 na kuua mtu mmoja. Waliokuwepo waliona jambo ambalo wakulima walikuwa wakilisema zamani: palipokuwa na mizabibu iliyotunzwa, moto ulisita, palipong'olewa mizabibu na kuachiwa vichaka, ulipita moja kwa moja. Na wakati huo huo serikali ya Ufaransa ilikuwa ikilipa euro 4,000 kwa kila hekta itakayong'olewa moja kwa moja bila kupandwa tena. Nchi nzima ziliombewa malipo hekta zinazozidi 27,000, na kusini kulikuwa na sehemu kubwa.

Mkulima mwenye deni hawezi kulaumiwa kwa kuichukua fedha hiyo. Anayestahili kuulizwa ni anayeitoa bila kutazama ni shamba gani linaondoka. Hekta ya tambarare inayozaa kwa wingi mvinyo usionunuliwa na hekta ya Carignan ya babu kwenye mteremko wa Corbières hulipwa sawa, ingawa ya pili ndiyo inayozuia moto na ndiyo yenye mizizi iliyokwisha kushuka mbali kutafuta maji.

Tangu 2018 INAO imefungua mlango mdogo: mkulima anaweza kujaribu zabibu mpya kwenye asilimia 5 ya shamba lake na kuitia isizidi asilimia 10 ya mchanganyiko bila kupoteza jina la eneo. Wakulima wa kusini wameanza kupanda zabibu za Ugiriki na Italia kusini zinazostahimili joto. Mlango huo hauna maana kwa mvinyo wa zabibu moja. Aliyeahidi Merlot tupu lazima atoe Merlot tupu hata ikinyauka. Kwenye mchanganyiko, mgeni huingia kwa kipimo kidogo, akafundishika, akaongezewa nafasi. Syrah yenyewe iliingia Languedoc hivyo, ikianza kupandwa kwa wingi miaka ya 1970 ili kuipa nguvu Carignan, na leo hakuna anayeiita mgeni. Sehemu ya euro zinazolipia kung'oa tambarare ingehamishiwa kwenye majaribio hayo ya vilimani, pamoja na matunzo ya mizabibu mizee iliyo jirani nayo, Corbières ingekuwa na cha kupanda kwenye majivu ya 2025.